Mkato wa Neno Refu: Uhakiki wa Silabi na Mofimu za Kiingereza kwa Msomaji wa Kiswahili, kwa Mifano ya Zuzu, Dodoma

1.0 Tatizo la Mkato

Katika kata ya Zuzu, ndani ya Jiji la Dodoma, kipo kituo kikubwa cha umeme kilichoungwa katika njia ya msongo wa kilovolti 400 itokayo Iringa, kupitia Dodoma na Singida, hadi Shinyanga, umbali wa takribani kilomita 670. Kwa Kiswahili kinaitwa kituo cha kupoza umeme. Kwa Kiingereza ni "substation". Mtoto anayesoma shule ya msingi ya umma katika eneo hilo hupata masomo yake kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba. Anapoingia kidato cha kwanza, umeme uleule unaopita juu ya mashamba ya kwao humjia upya katika vitabu vya Fizikia na Jiografia, safari hii kwa majina ya "transformer", "electricity" na "electrification".

Neno la mwisho kati ya hayo lina herufi 15. Ushauri unaotolewa kwa kawaida kwa msomaji aliyekwama mbele ya neno la namna hiyo ni mmoja: alikate. Ni ushauri mzuri, ila haujakamilika, kwa sababu neno hilo lina mikato miwili isiyolingana. Likikatwa kwa silabi, hutoka vipande sita: e-lec-tri-fi-ca-tion. Likikatwa kwa mofimu, hutoka vipande vitatu: electr-ific-ation, yaani shina lenye maana ya umeme, kiambishi chenye maana ya kufanya au kutia, na kiambishi kinachogeuza kitenzi kuwa nomino. Mkato wa kwanza unampa msomaji kitu cha kutamka; wa pili unampa kitu cha kuelewa. Hakuna kipande hata kimoja kinachofanana katika mikato hiyo miwili.

Uhakiki huu unajenga hoja kwamba mkato wa silabi umebebeshwa kazi isiyo yake, na kwamba msomaji wa Kiswahili anazo tayari, ndani ya sarufi ya lugha yake, nyenzo za mkato wa pili. Hata matamshi, ambayo ndiyo yanayodhaniwa kuwa milki ya silabi, yanategemea mofimu kwa kiasi kikubwa kuliko inavyokubaliwa. Hata hivyo, mkato wa mofimu nao una mitego yake, na baadhi ya mitego hiyo inaonekana vizuri zaidi Dodoma kuliko vitabuni.

2.0 Silabi ya Kiswahili na Mazoea Yake

Si haki kuilaumu silabi bila kwanza kuipa stahiki yake. Mtoto wa Kitanzania hujifunza kusoma kwa kuunganisha konsonanti na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015, uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulitilia mkazo uhusiano huo wa sauti na herufi. Kwa lugha yenye tahajia kama ya Kiswahili, njia hii ina nguvu ya ajabu. Anayeijua anaweza kusoma "wasiojulikana" au "mwanaharakati" siku ya kwanza anapokutana nalo, bila kuambiwa na mtu yeyote linavyotamkwa. Silabi nyingi ni wazi, zinaishia kwa irabu, na zile za nazali peke yake, kama m- katika "mtu" na n- katika "nchi", huzoeleka mapema. Mkazo nao hauna siri: unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Maneno ya mkopo ndiyo yanayoleta mzozo kidogo. "Labda", "maktaba" na "Alhamisi" yana konsonanti mbili zinazofuatana, na wachambuzi hutofautiana iwapo zikatwe lab-da na mak-ta-ba, hivyo kukubali silabi funge, au zipewe ufafanuzi mwingine. Dodoma ina mfano wake. Chombo kilichoundwa mwaka 1973 kusimamia ujenzi wa makao makuu mapya kiliitwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Je, "ustawishaji" ni u-sta-wi-sha-ji au us-ta-wi-sha-ji? Mwenye kutamka hapati hasara kwa mkato wowote kati ya hiyo. Mofimu zake, kwa upande mwingine, hazina utata: u-stawi-sh-a-ji.

Jambo muhimu zaidi limejificha katika maneno ya kawaida kabisa. "Anasoma" lina silabi a-na-so-ma na mofimu a-na-som-a. Mwanzoni mwa neno mikato miwili inakubaliana: kiambishi cha nafsi ni silabi moja, na cha njeo ni silabi moja. Mwishoni inaachana. Konsonanti ya mwisho ya mzizi inatekwa na irabu inayofuata. Mfano mkali zaidi ni kitenzi ambacho mkazi wa Zuzu anaweza kukisikia kila mradi wa umeme unapotajwa: "unasambazwa". Silabi zake ni u-na-sa-mba-zwa. Mofimu zake ni u-na-samba-z-w-a. Silabi moja ya mwisho, "zwa", imebeba mofimu tatu: ya kusababisha, ya kutendwa, na kiishio. Aliyekata kwa silabi ameona kila kitu kilichoko mbele, na kilichoko nyuma amekifunga kifurushi kimoja.

Hapo ndipo hasara ya kuhamisha mazoea inapoanzia. Kiswahili huweka nafsi, njeo, ngeli na ukanushi mbele ya mzizi, mahali ambapo silabi na mofimu zinakwenda pamoja. Kiingereza, katika msamiati wake wa kitaaluma, hupanga viambishi vyake vizito nyuma: -al, -ic, -ity, -ify, -ation, -ism. Msomaji aliyelelewa na silabi atatambua kwa urahisi un-, re- na dis-, kwa kuwa vinakaa mahali alipozoea kutazama na vinaumbika kama silabi kamili. Atapofuka palepale Kiingereza kilipoweka hazina yake. Katika "electrification", kiambishi -ific- kimetapanywa katika silabi tatu (tri, fi, ca), kiasi kwamba hakuna sikio linaloweza kukikusanya tena bila kujua kwamba kipo.

Mgawanyo wa vitabu umechangia. TUKI ilipotoa mfululizo wa sarufi kwa ajili ya sekondari na vyuo mwanzoni mwa miaka ya 2000, fonolojia ilipewa kitabu chake, FOKISA, na mofolojia chake, SAMAKISA. Uamuzi huo una mantiki ya kitaaluma na vitabu vyenyewe vimewafaa wanafunzi wengi. Lakini matokeo yake ni kwamba silabi inasomwa katika juzuu moja na mofimu katika juzuu nyingine, na swali la namna zinavyogongana ndani ya neno moja linabaki bila mwenyeji.

3.0 Silabi ya Kiingereza Isiyokubaliwa na Wote

Mtu anayeambiwa akate neno la Kiingereza kwa silabi anadhani kuna mkato mmoja sahihi unaomsubiri. Haupo. Mwaka 1783 Noah Webster alitoa kitabu chake cha kufundishia tahajia nchini Marekani, na miongoni mwa mambo aliyoyapinga ni mkato uliokuwamo katika kitabu cha Mwingereza Thomas Dilworth, kilichokuwa kimetawala madarasa kwa miongo kadhaa. Dilworth alikata "clu-ster"; Webster akataka "clus-ter", kwa hoja kwamba mkato uongoze matamshi. Tofauti hiyo haijafutika. Wachapaji wa Marekani hukata "democ-racy" na "knowl-edge" kwa kufuata sauti. Desturi ya Uingereza kwa muda mrefu imekuwa "demo-cracy" na "know-ledge", kwa kufuata asili na muundo. Kwa maneno mengine, hata mwisho wa mstari katika kitabu ni uwanja wa vita kati ya silabi na mofimu, na mwanafunzi wa Tanzania, anayesoma vitabu vya pande zote mbili, anapokea mikato yote miwili bila kuambiwa kwamba inatoka katika kambi tofauti.

Wanafonolojia hawajamaliza ugomvi huo. Kahn, katika tasnifu yake ya mwaka 1976, alipendekeza kwamba konsonanti moja inaweza kuwa mali ya silabi mbili kwa wakati mmoja. Wells (1990) alikataa suluhisho hilo na kudai kwamba konsonanti huenda kwa irabu jirani yenye mkazo zaidi, mradi mpaka wa mofimu usivukwe. Kwa kanuni ya kuijaza silabi mwanzoni kadiri inavyowezekana, "electricity" itakatwa e-lec-tri-ci-ty. Kwa Wells, sauti ya s inayoandikwa kwa c inabaki na silabi iliyotangulia, kwa sababu ndiyo yenye mkazo.

Sehemu ya hoja ya Wells inayostahili kukaziwa ni ile ya mpaka wa mofimu, na ushahidi wake unasikika. Maneno "mistake" na "mistime" yana mwanzo uleule kwa maandishi. Katika "mistime" mzungumzaji hutamka t kwa pumzi, kama inavyotamkwa mwanzoni mwa neno. Katika "mistake" pumzi hiyo haipo. Sababu ni kwamba mis- ya "mistime" bado ni mofimu hai katika akili ya msemaji, ilhali ya "mistake" imeshakufa na kumezwa na neno. Msomaji anayejua lahaja za pwani atalielewa jambo hili haraka, kwa kuwa pumzi ndiyo inayotofautisha paa wa porini na paa la nyumba katika vinywa vya wenyeji wa Mvita. Linalotokea hapa ni kwamba silabi, ambayo ilitarajiwa kuwa msingi, inasubiri uamuzi wa mofimu ndipo ijue ikae wapi.

Mkazo unathibitisha zaidi. Msomaji wa Kiswahili akitumia kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho, atapatia "electric" na atapatia "electrification", maana katika maneno yote mawili mkazo wa Kiingereza unaangukia hapohapo. Atajiona ameshinda. Akifika "electricity" atakwama, kwa sababu mkazo umerudi nyuma silabi moja. Akiwa ameongeza irabu mwishoni, kama ilivyo kawaida ya ulimi uliozoea silabi wazi, hata yale mawili ya kwanza yatampotea. Kinachoamua ni kiambishi: -ic huita mkazo katika silabi inayoitangulia, na -ity hufanya vivyo hivyo, na kwa kuwa yenyewe ina silabi mbili, mkazo unaishia wa tatu kutoka mwisho. Aliyekitambua kiambishi anajua pa kukaza sauti. Aliyehesabu silabi anabahatisha.

4.0 Kupika na Mpishi

Pingamizi la wazi ni kwamba mkato wa mofimu ni mgumu mno kwa mtoto wa kidato cha kwanza. Kwamba "electric" lina sauti ya k mwishoni, "electricity" lina s mahali palepale, na "electrician" lina sauti ya sh. Kwamba herufi c moja inabadilika mara tatu. Kwamba hali hii ni vurugu ya Kiingereza isiyo na mfano.

Mfano upo, na uko jikoni. Anayepika ni mpishi. Anayeandika ni mwandishi. Anayetumika ni mtumishi. Katika kila jozi, k ya kitenzi imegeuka sh kwa sababu ya kiambishi -i kinachounda jina la mtendaji, na hayo ndiyo mabadiliko hasa yanayotokea kati ya "electric" na "electrician". Kadhalika t hugeuka s: anayefuata ni mfuasi, sawa na Kiingereza kinavyopata "democracy" kutoka "democrat". Anayependa ni mpenzi, anayejenga ni mjenzi, anayelewa ni mlevi. Mtoto wa miaka saba hana shaka kwamba mpishi ni mtu anayepika. Hakuna aliyemweleza ukaakaaishaji. Silabi zingemdanganya, kwa kuwa pi-ka na m-pi-shi zinashirikiana silabi moja tu; mofimu ndiyo iliyomwambia ukweli.

Ulinganifu unakwenda mbali zaidi. Kiswahili kina mpishi, lakini kina mpikaji pia. Kiambishi -i huigeuza k. Kiambishi -ji, kinachotanguliwa na irabu a, huiacha ilivyo. Kiingereza kinafanya mgawanyo uleule: kutoka "opaque" hupatikana "opacity", ambamo sauti ya k imekuwa s, na pia "opaqueness", ambamo haikuguswa. Lugha zote mbili zina viambishi vinavyoingia ndani ya mzizi na kuutikisa, na vingine vinavyojiegemeza nje tu. Nadharia za mofofonolojia zimeandika mengi juu ya matabaka hayo. Mzungumzaji wa Kiswahili anayatumia kila siku.

Uambishi wa kusababisha unatoa daraja jingine. Poa huzaa poza, jaa huzaa jaza, sambaa huzaa sambaza. Kazi ya -z- katika maneno hayo ni kazi ya -ify katika Kiingereza: kufanya jambo liwe. Na kazi ya u-…-ji katika "usambazaji" ni kazi ya -ation. Kwa hiyo, muundo wa "electrification" unaweza kuwekwa sambamba na "usambazaji" wa umeme, kiungo kwa kiungo, isipokuwa Kiingereza kimetia umeme ndani ya neno na Kiswahili kimeuacha nje. Tofauti ya mpangilio ni kwamba Kiswahili hulizingira shina mbele na nyuma, huku Kiingereza kikirundika vyote nyuma. Hiyo ni tofauti inayoweza kufundishwa kwa dakika chache kwa mwanafunzi ambaye tayari ameusoma unyambulishaji wa vitenzi katika somo la Kiswahili. Linaloshangaza ni kwamba masomo hayo mawili hukaa katika ratiba moja ya wiki moja, mara nyingi katika chumba kimoja, bila kusalimiana.

Haidaiwi hapa kwamba mzizi electr- utajulikana kwa kukatwa. Mizizi ya Kigiriki na Kilatini ni mingi, na kila mmoja sharti ujifunzwe. Viambishi, hata hivyo, si vingi, na vinajirudia katika Fizikia, Biolojia, Jiografia na Uraia. Mwanafunzi atakayefanya mtihani wa kidato cha nne kwa Kiingereza hana muda wa kukariri kila neno kama kitu kipya. Baiolojia ya Kiswahili ilitoa mfano mzuri wa njia hii ilipounda "usanisinuru" kwa ajili ya "photosynthesis". Nuru inasimama mahali pa photo-, sanisi mahali pa -synthesis, na u- hulipa neno hadhi ya nomino dhahania. Neno hilo limechekwa na wengi kwa ugumu wake. Wanaolicheka wangeliona jepesi lau wangelikata panapostahili.

5.0 Mofimu Zilizokufa

Pamoja na hayo, anayekata kwa mofimu anapaswa kuwa na tahadhari kubwa, kwani si kila kinachoonekana kuwa kipande ni kipande.

Jina lenyewe la Zuzu linatosha kuonya. Kwa silabi ni zu-zu, na anayeliona jinsi linavyojirudia anashawishika kulichukulia kama "polepole", ambalo ni pole mara mbili. Lakini katika Kiswahili hakuna "zu" inayosimama peke yake. Kamusi inayo nomino "zuzu", mtu mjinga au aliyepumbaa, pamoja na vitenzi "zuzua" na "zuzuka", na katika vyote hivyo zuzu- ni mzizi mmoja usiogawanyika. Zaidi ya hapo, hakuna ruhusa ya kuichukua maana hiyo na kuibandika juu ya mahali palipo katika nchi ya Wagogo. Majina ya huko yanastahili kusomwa kwa Cigogo kwanza. Simulizi mashuhuri juu ya jina la Dodoma hulitoa katika neno la Cigogo "idodomya", lenye maana ya kuzama au kudidimia, na humtaja tembo aliyezama matopeni. Simulizi hiyo ikikubaliwa, jina la makao makuu ya nchi limepoteza kiambishi chake cha mbele na sauti yake ya nyuma, na kilichobaki, do-do-ma, ni silabi tatu safi za Kiswahili zisizo na mofimu hata moja ambayo mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuitambua.

Maneno yanayohama lugha hupata mikato mipya. Kiswahili kiliipokea "kitabu" kutoka Kiarabu, ambako k, t na b ni konsonanti za mzizi, kikaiona ki- kuwa kiambishi cha ngeli, kikasema vitabu. Kikafanya hivyohivyo kwa "kiplefti" ya barabarani, na wingi wake ukawa viplefti. Kiingereza nacho si safi. "Helicopter" liliundwa kwa vipande vya Kigiriki vyenye maana ya mzunguko na bawa, helico- na -pter. Wazungumzaji wakalikata heli-copter, na kutokana na kosa hilo wakajenga maneno mengine mengi. Kosa la mkato, likikubaliwa na watu wa kutosha, huwa sarufi.

Mkopo wenye madhara zaidi kwa hoja hii ni ule wa -tion. Kiswahili cha Tanzania kimejaa maneno yanayoishia kwa -sheni: stesheni, pensheni, tuisheni, kamisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakazi wa mkoa wa Dodoma walihamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma, na neno "operesheni" likaingia katika kumbukumbu za familia nyingi likiwa na uzito wake wenyewe. Katika Kiswahili, -sheni haina maana yoyote. Hakuna *opera inayozaa operesheni, wala *tui inayozaa tuisheni. Ni mkia wa sauti. Kwa kweli, kwa sikio la Kiswahili, "operesheni" lingeweza kudhaniwa kuwa amri kwa watu wengi, kama "someni" au "somesheni", kutoka katika kitenzi ambacho hakijawahi kuwapo. Na pengine waliohamishwa wasingeona ajabu kuambiwa kwamba lilikuwa amri. Mwanafunzi aliyezoea -sheni kama mkia usio na maana anaipita -tion ya Kiingereza bila kusimama, wakati huko ni kiungo hai kinachomwambia kwamba nyuma yake kuna kitenzi. Hapa mkopo wenyewe umekuwa kizuizi: kadiri anavyolifahamu neno kwa Kiswahili, ndivyo anavyokuwa na sababu ndogo ya kulikata kwa Kiingereza.

Ndani ya Kiingereza chenyewe kuna mizizi iliyokauka. Aronoff (1976) alionyesha ugumu wa maneno kama "receive", "deceive" na "conceive": kipande -ceive hakina maana inayoweza kutajwa, na bado kinatenda kama kitu kimoja, kwa kuwa kila kikiongezewa kiambishi kinageuka kwa njia ileile, "reception", "deception", "conception". Hoja hii ni ngumu kwa yeyote anayeifasili mofimu kuwa kipashio kidogo kabisa chenye maana, na fasili hiyo ndiyo inayokaririwa katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili. Uhakiki huu hauoni sababu ya kuitupa fasili hiyo. Unaona sababu ya kuacha kuifundisha kana kwamba haina mashimo, kwa kuwa mwanafunzi atakayelitafuta lengo la -ceive bila kulipata ataamini kosa ni lake.

6.0 Kituo cha Kupoza Umeme

Inabaki "substation". Mkato wake ni mwepesi kwa njia zote mbili: sub-sta-tion kwa silabi, sub-station kwa mofimu. Aliyefundishwa vizuri atatafsiri "kituo kidogo" au "kituo cha chini", na atakuwa amekosea kwa uaminifu mkubwa. Mitambo iliyoko Zuzu si kitu kidogo, na kipashio sub- hakisemi chochote kuhusu kazi yake, ambayo ni kupokea umeme wenye msongo mkubwa na kuushusha hadi kiwango kinachoweza kusambazwa. Kiswahili hakikujishughulisha na vipande vya Kiingereza. Kilitazama kazi, kikaita jambo kwa kazi hiyo: kupoza. Umeme unaokuja na ukali hupunguzwa ukali, kama uji unavyopozwa kabla mtoto hajapewa. Fundi anaweza kulalamika kwamba hakuna joto linalopunguzwa. Mwanafunzi anayelielewa neno hilo, hata hivyo, anaijua kazi ya transfoma kabla hajaifungua Fizikia, jambo ambalo mkato wa "substation" usingempa kamwe.

Neno hilo nalo lina ugonjwa wake. Mofimu zake ni ku-po-z-a, kutoka poa. Katika maandishi ya umma huonekana pia "kupooza" na "kupoozea", na kwa wasomaji wengi irabu ya ziada inaleta kitenzi kingine kabisa, cha kiungo kilicholemaa. Silabi moja imeongezeka na kituo cha kuuandaa umeme kimegeuka kituo cha kuulemaza. Wapo watakaosema kwamba hii ni tofauti ya matamshi tu na kwamba maana inaeleweka katika muktadha. Ni kweli inaeleweka. Lakini mwandishi anayejua kwamba poza limetoka katika poa kwa njia ileile jaza lilivyotoka katika jaa hahitaji muktadha umwokoe.

Na umeme wenyewe? Shina la Kiingereza linatokana na neno la Kigiriki la kaharabu, utomvu uliogeuka jiwe ambao ukisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Kiarabu nacho kilipita njia hiyohiyo, kwa kuwa jina lake la umeme linatokana na jina la kaharabu. Kiswahili, ambacho kilikuwa na neno "kaharabu" kutoka huko, hakikulitumia. Kilichukua mwako wa mvua ya radi, u-meme, wenye mzizi unaojirudia na unaofanana kwa sauti na "memeteka". Kwa silabi ni u-me-me, na hapo, kwa mara moja, hakuna silabi inayovuka mpaka wa mofimu: u- ni kiambishi cha ngeli, na meme, kama zuzu, haigawanyiki.

Mwalimu wa Kiingereza anayeanza somo lake la "electricity" kwa neno hilo, kisha akaandika ubaoni pika na mpishi kabla ya "electric" na "electrician", hatakuwa ametoka nje ya somo lake. Mtaala haumkatazi, na vipindi vyake havitaongezeka. Kitakachomzuia ni dhana kwamba Kiswahili kikiingia katika darasa la Kiingereza kimekuja kuharibu.